Tumbaku kwenye kioo

Mjomba alipanda gari saa kumi na nusu alfajiri akiwa na vitu vitatu mkononi: mwavuli, chupa ya chai na pakiti ya sigara. Mjomba havuti sigara. Aliacha zamani, baada ya daktari kumsomea majibu ya vipimo kwa sauti ya hakimu. Nikamuuliza, sigara za nini tena, mjomba? Akafunga mkanda, akafuta ukungu wa dirisha lake kwa kiganja, akasema, "Washa gari, mama. Mvua haina miadi na mtu."

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Aprili, masika yamekolea, na Dar es Salaam ilikuwa haijaona jua tangu Alhamisi. Kila niliyemwambia nakwenda Kilwa na IST aliniangalia kama mtu anayetaka kuvua papa kwa uzi wa kushonea. Lakini chumba kule Kilwa Masoko nilikuwa nimeshakilipia, na mjomba alikuwa amefunga begi lake tangu Jumatano.

Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Mkuranga. Nimezaliwa Temeke, na Barabara ya Kilwa naijua tangu utotoni, ila naijua kama watu wa Temeke wanavyoijua: inaishia Mbagala Rangi Tatu. Kilwa yenyewe ilikuwa jina tu kwenye kibao. Mjomba ni habari nyingine. Kuanzia 1979 hadi 2001 aliendesha lori la tani saba kati ya Dar na Lindi, akipeleka sukari, saruji na nondo, akirudi na korosho, ufuta na chumvi. Aliacha kazi goti lilipogoma kukanyaga klachi, miaka miwili kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa, na tangu hapo hakurudi kusini. Kwa hiyo wote wawili tulikuwa wageni wa safari ile. Mimi sikuijua Kilwa, yeye hakuijua lami.

Nilikuwa nimejiandaa kuona bahari. Kwenye ramani barabara inateremka sambamba na ufuo, nami nikadhani tutakwenda na maji mkono wa kushoto mwanzo mwisho. Mkuranga ikapita na minazi yake na mikorosho, na meza za mananasi zilizofunikwa turubai. Kimanzichana ikapita. Bahari hakuna. Nikauliza. Mjomba akacheka kicheko cha mtu aliyewahi kuulizwa swali hilohilo na matingo wengi.

"Bahari utaiona Somanga. Kabla ya hapo kuna Rufiji."

Nilimwelewa vizuri nilipoitazama ramani upya. Rufiji ikikaribia baharini haiingii kwa mlango mmoja. Inachanika mikono mingi, na katikati ya mikono hiyo kuna mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote katika pwani ya Afrika Mashariki. Pale barabara haipiti. Inabidi ipande bara, ikautafute mto mahali ambapo bado ni mmoja, ivuke, ndipo irudi taratibu kuitafuta pwani. Mtu akikuuzia Barabara ya Kilwa kwa sifa ya mandhari ya bahari, mwulize kama amewahi kuipita.

Tulikuwa tumeshapita Jaribu Mpakani waipa ya upande wangu ilipokufa. Haikufa kwa kishindo. Ilianza kuchelewa, ikawa inapanda nusu na kurudi, kisha ikalala kabisa huku ya upande wa mjomba ikiendelea kufuta kwa juhudi, kama mfanyakazi wa pili asiyejua kwamba mwenzake ameacha kazi. Nikaegesha pembeni. Mvua ilikuwa inapiga paa hata tukawa tunaongea kwa kupaza sauti.

Mjomba akatoa sigara zake. Alizichana nne, moja moja, akamwaga tumbaku kwenye leso, akaifunga kifundo, akatoka nje. Akakilowesha kifundo mvuani na kuanza kusugua kioo upande wangu kwa miduara, akianzia juu, bila haraka, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kofia hadi kwenye kola. Kioo kikageuka rangi ya chai, mvua ikakisuuza. Nilitegemea uchafu. Badala yake matone yaliyofuata hayakusimama kama shanga. Yalijilaza, yakawa utando mwembamba unaoteremka wenyewe, na nyuma ya utando ule barabara ikaonekana, imepindapinda kidogo kama kitu kilicho chini ya maji, lakini ipo.

Akarudi ndani ameloa chapa. "Dakika ishirini," akasema. "Kisha tunasugua tena."

"Umejifunza wapi haya?"

"Ndundu."

Hadi safari inakwisha nilikuwa nimejua kwamba kila kitu alijifunza Ndundu: kusugua kioo, kulala ameketi, kupika ugali kwenye karai, kucheza bao, na hata kuswali kwa wakati, maana hakukuwa na kingine cha kufanya.

Kibiti tulimpata fundi chini ya banda la bati, kijana mwenye koti la mvua la kike. Alifungua nati, akatuonyesha meno ya mkono wa waipa yalivyolika. Akasema kifaa chenyewe kinapatikana Dar tu. Halafu akaokota kopo la soda, akakata kipande chembamba, akakiviringisha kwenye meno yale, akarudisha mkono na kukaza nati kwa nguvu zake zote. Waipa ikafufuka. Haikuwa na kasi ya zamani, kwa hiyo tumbaku iliendelea kufanya zamu. Nikalipa elfu tatu, na nikakumbuka ghafla kwamba tangu tuondoke sijaona askari mmoja mwenye tochi. Mvua ina fadhila zake.

Kuanzia Ikwiriri mjomba alinyamaza. Mtu aliyekuwa ananihadithia kila mti aliacha kuongea, akawa anachungulia mbele kama anayemtafuta mtu stendi. Zamani, alikuwa ameshaniambia, ilikuwa ukifika mtoni, kwenye kivuko cha Ndundu, unakuta malori yamepanga foleni. Pantoni likiharibika, au mto ukijaa, unakaa. Mara moja alikaa siku tisa. Mama lishe walikuwa wanamjua kwa jina na kwa deni. Walilala chini ya lori, katikati ya magurudumu, na mbu wa bonde lile, anasema, walikuwa hawangoji giza. Ukishavuka ndipo tabu yenyewe inaanza, maana kipande cha kutoka Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, ndicho kilichochelewa kuliko vyote kupata lami. Masika kilikuwa uji. Watu wa kusini waliokuwa wakisoma au kufanya kazi Dar walikuwa wakihesabu safari ya nyumbani kwa usiku, si kwa kilomita.

"Polepole, mama," akasema.

Daraja lilitokea mvuani bila kutangaza. Lina urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa 2003, na lina jina la Rais Benjamin Mkapa, mwenyewe mtu wa Masasi. Chini yetu Rufiji ilikuwa pana, ya rangi ya udongo, imebeba visiwa vya majani na gogo moja refu lililokuwa likigeukageuka kama mtu asiyepata usingizi. Nilipunguza mwendo. Mjomba aliteremsha kioo, mvua ikaingia yote, hakujali. Alitoa kichwa. Akatazama mto, akatazama ng'ambo, tukafika ng'ambo.

"Limekwisha?"

"Limekwisha, mjomba."

Nilikuwa nimetazama saa ya gari. Hatukutumia dakika mbili. Alipandisha kioo, akajifuta uso, na kwa muda mrefu hakusema lolote. Sikujua kama amefurahi au amedhulumiwa.

Tulipofika maeneo ya Muhoro alianza tena kuongea, na aliongea habari za Kinjikitile. Kwa watu wa njia ile Kinjikitile Ngwale hakai kwenye kitabu cha historia. Anatajwa kama jirani wa babu. Wajerumani walimnyonga huku Muhoro, Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza kwenye milima ya Umatumbi. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba pale kwake Ngarambe aliingia kwenye dimbwi, akazama, jamaa zake wakamtafuta wasimwone, na siku ya pili akatoka majini nguo zake zikiwa kavu. Hapo ndipo watu walipojua kwamba si mtu wa kawaida. Nilikisikia kisa hicho darasani nikakiona cha ajabu. Nikikisikia ndani ya gari lenye mazulia yaliyolowa, mjomba akikamua kofia yake dirishani, nilielewa kwa nini mtu angemfuata.

Kisha tukasimama. Mbele yetu kulikuwa na mabasi, malori ya semi, Noah zilizojaa na pikipiki zilizofunikwa mifuko ya nailoni. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara hii ilikatika maeneo ya Somanga, na mikoa ya kusini ikawa kama kisiwa kwa siku kadhaa. Safari hii haikuwa imekatika. Maji yalikuwa yanapita juu ya lami kwenye bonde moja, na magari yalikuwa yanaruhusiwa moja moja. Vijana wa kijiji walisimama ndani ya maji hadi magotini, kila mmoja na fito, wamepanga mistari miwili kuonyesha kingo za barabara. Walikuwa wanalipwa na madereva, buku buku, na kwa maoni yangu ile ndiyo alama ya barabarani niliyoitii kuliko zote maishani.

Tulingoja saa mbili. Mjomba alifungua mlango kabla sijazima injini. Nilimwona kupitia kioo cha tumbaku akienda gari hadi gari na mwavuli wake, goti likimchechemeza, akisalimia, akiuliza magari yamebeba nini na yametoka wapi. Dereva mmoja wa semi alimpa kiti cha plastiki. Nusu saa baadaye kulikuwa na watu wanane wamemzunguka chini ya turubai, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya mtu wa miaka arobaini. Aliporudi aliniletea mhogo wa kuchoma. "Yule dereva," akasema, "baba yake nilikuwa nalala naye Ndundu."

Zamu yetu ilipofika nilishika gia ya kwanza na sikuachia mafuta. Maji yalipiga chini ya milango. Mjomba alikuwa anakanyaga klachi isiyokuwepo, kwa mguu ule mbovu.

Bahari niliiona Somanga, kama alivyosema, na ningeweza kuipita nisijue. Ilikuwa rangi ya mbingu, na mbingu ilikuwa rangi ya barabara. Katikati ya minazi kulikuwa na uwazi, na ndani ya uwazi ule mvua ilikuwa inanyesha juu ya kitu kilicholala. Ndiyo hiyo. Wanawake walikuwa wanauza samaki wa kukaanga na pweza kwenye beseni zilizofunikwa plastiki, moshi ukishindwa kupanda kwa uzito wa hewa. Tulikula tumesimama. Mbele ya pwani ile kuna kisiwa cha Songo Songo, na gesi yake inapita chini ya bahari, inaibukia huku Somanga, kisha inafukiwa ardhini zaidi ya kilomita 200 hadi Dar. Tangu 2004 inawasha mitambo ya umeme. Maana yake, njia nzima ile, huku tukisota kwenye matope, umeme wa kwangu ulikuwa unapita mahali fulani chini yetu ukielekea nilikotoka, na haukuhitaji waipa.

Nangurukuru tukakata kushoto. Masoko tuliingia saa kumi jioni, badala ya saa sita mchana niliyojidanganya nayo. Nakumbuka wali, samaki wa nazi, na shuka kavu.

Jumapili asubuhi nahodha wa boti ya injini alitazama mawingu, akamtazama mjomba, akatupa makoti ya kujiokolea, na akasema ana saa moja na nusu tu ya kutungojea, upepo ukigeuka anarudi. Tulikuwa tumeshalipia kibali. Kutoka Masoko hadi Kilwa Kisiwani ni mkondo wa kilomita mbili hivi, na tuliuvuka kimya, mvua nyepesi ikitia vishimo kwenye maji tulivu. Kwanza ikatokea Gereza, ngome ya mawe ukingoni. Wareno walijenga ngome hapo walipouvamia mji mwaka 1505, na hii iliyosimama leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Sehemu ya kuta zake bahari imeshazila.

Husuni Kubwa, kasri la sultani lenye birika la pembe nane, sikulifikia. Njia ilikuwa tope na goti la mjomba lilishatoa hukumu yake. Tukabaki Msikiti Mkuu, na sijuti. Msikiti ule ulianzwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye kwa nguzo na kuba za mawe ya matumbawe. Sehemu ya zamani haina paa. Ile iliyopanuliwa bado ina kuba. Kwa hiyo tulifanya kile ambacho nadhani watu wamekifanya hapo kwa mamia ya miaka: tulikimbilia chini ya kuba kujikinga mvua. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye ufa mmoja hadi kwenye sakafu, tone, kimya, tone, na kila tone lilirudishwa na kuba kwa sauti nene kuliko lenyewe. Niligusa nguzo. Ilikuwa baridi, ina vinyweleo, na kwa karibu nikaona alama za matumbawe yenyewe, vijiua vidogo vilivyokuwa hai chini ya maji kabla ya fundi kuyachonga.

Mwenyeji wetu, mzaliwa wa kisiwani, alitueleza kuhusu sarafu za shaba zilizotengenezwa hapahapa, zenye majina ya masultani, ambazo chache ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia. Namna zilivyofika huko haijulikani hadi leo. Mjomba alisikiliza kwa heshima. Kilichomgusa ni habari ya msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuandika, pamoja na mengine, kwamba mvua za huko ni nyingi. Alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, mtu mwenye sifa ya kutoa. Siku moja, wakitoka kuswali Ijumaa, fakiri alimsimamisha sultani njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akavua, akabadilisha, akampa.

Mjomba akajitazama, suruali imemganda miguuni. "Angekuwepo leo," akasema, "asingevuka hapa na kanzu."

Tulicheka hadi kuba ikacheka nasi. Nusu ya pili ya kisa mwenyeji hakuisema, nami sikuiongeza pale. Mwana wa sultani alizirudisha zile nguo kutoka kwa fakiri, na badala yake akampa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaongeza kumi wengine na pembe za ndovu.

Nahodha alipiga filimbi kabla ya muda. Tukavuka tukirushiwa mawimbi.

Njiani kurudi tuliingia Kilwa Kivinje, dakika kumi tu. Ni mji wa nyumba za mawe zinazoachia paa zao taratibu, boma la Wajerumani likitazama bahari, na mitumbwi imelala matopeni mbele ya mikoko. Katika karne ya 19 misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia hapa, na watumwa walipakiwa majahazini hapa. Mtoto mmoja alikuwa anaogelea kwenye mfereji wa barabarani, amefurahi kabisa. Nilibaki nikifikiria wale ishirini wa sultani, ambao msafiri hakuandika walikuwa na nguo gani.

Somanga mjomba alinunua samaki wengi kuliko nyumba yake inavyoweza kula. Maji ya lile bonde yalikuwa yamepungua, na vijana wa fito wameondoka. Darajani alisalimia mto kwa kuinua mkono tu, kama mtu anayempita jirani. Kufikia Kimanzichana sigara zilikuwa zimekwisha, na waipa, kipande cha kopo na yote, ikiendelea kujikongoja.

Saa mbili usiku tulifika Mbagala Kongowe, na hapo tukasimama. Maji yalikuwa yamejaa bonde la Mzinga. Taa nyekundu zilipanda kilima mbele yetu hadi zikaingia kwenye mawingu. Saa tatu ikapita. Wauza maji na korosho walikuwa wanapita kati ya magari na miavuli. Saa nne tulikuwa tumesogea urefu wa mabasi matatu. Mjomba aliegemea kiti, akatazama foleni kwa jicho la mtu mwenye ujuzi.

"Kumbe hawakuiondoa," akasema. "Ndundu wameihamishia Mbagala."

Akauvuta ule mfuko wa samaki kutoka kiti cha nyuma, akafungua gazeti lililolowa mafuta, akalitandaza kwenye dashibodi. Nikazima injini. Alichagua mkubwa, akaumega, akanipa upande wenye kichwa, kisha akateremsha kioo na kumwita muuza ndimu.